Mzee Gramu na Msiba wa Saa Nne

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto, mwenye mazungumzo ayaache kidogo. Leo tunamkumbuka mtu mmoja ambaye wengi wenu mlimwogopa, na wachache mlimshukuru. Tunamkumbuka Mzee Gramu.

Mzee Gramu alifariki siku kumi na mbili zilizopita. Ilikuwa Alhamisi, kabla ya adhuhuri. Alikuwa na umri wa miaka themanini na mmoja. Ameacha watoto wawili, wa kiume na wa kike. Mkewe alimtangulia kwa miaka sita. Shikeni hapo, wapendwa. Mkewe alikufa miaka sita kabla yake. Nitarudia tena na tena, maana hadithi yote imesimama hapo.

Habari hizi nimeletewa na mwanawe mkubwa, mwalimu mstaafu wa hesabu. Alikuja studio na karatasi imechapwa vizuri: marehemu alikuwa mpole, mcheshi, mpenda watu. Nikamwambia, Mwalimu, mimi nina miaka kumi na tisa kwenye kiti hiki, na kila marehemu ninayeletewa ni mpole na mcheshi. Wakali sijui wanazikwa wapi. Hakucheka. Aliikunja ile karatasi akaitia mfukoni, akasema, "Basi andika nitakayokwambia. Na usinipunguzie." Kwa hiyo mkisikia neno kali leo, si langu. Ni la kwake mwenyewe, kaniruhusu.

Tuanze na kazi, kwa sababu bila kazi yake humwelewi mtu huyu. Mzee Gramu alikuwa mkaguzi wa mizani kwa miaka thelathini na minne. Alipita sokoni, kwenye mabucha na kwenye maghala ya nafaka akiwa na sanduku la mbao lenye mawe ya mizani ya shaba. Kila jiwe lilikuwa na kitundu chake na kitambaa chake. Hakuyashika kwa vidole, aliyashika kwa kibanio, maana alisema jasho la mkono nalo lina uzito. Anaweka jiwe lake kwenye kitanga kimoja, la muuzaji kwenye kitanga cha pili, anasubiri. Mizani ikikaa sawa, anagonga muhuri kwa nyundo. Isipokaa sawa, anaibeba. Umlilie, umsujudie, anaibeba. Gramu tano kwake zilikuwa gramu tano. Jina alipewa na wauza nyama, tena kwa hasira, naye akalipenda.

Shemeji yake alikuwa na bucha. Ndugu wa tumbo moja na mkewe. Siku moja Mzee Gramu akaingia pale, akapitisha mkono chini ya kitanga, akakuta kipande cha chuma kimegandishwa kwa lami. Shemeji akajichekesha: "Shemeji, si tuko nyumbani hapa?" Mzee akamjibu: "Nyumbani ni kule tunakolala. Hapa ni buchani." Mizani ikachukuliwa, kesi ikaenda mahakamani. Mkewe hakumsemesha mwezi mzima. Chakula anamwekea, nguo anamfulia, neno hampi. Mwezi ulipokwisha akamwambia, "Kumbe mimi niliolewa na rula." Wakacheka wote wawili, yakaisha.

Na nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Kila jioni, kabla mtu hajagusa chakula, Mzee Gramu aliuliza: "Nani ana la kusahihisha?" Maana yake, kama umesema uongo leo, popote, kwa yeyote, useme sasa. Binti anasema, "Nilimwambia mwalimu naumwa tumbo. Sikuwa naumwa." Imekwisha, kula. Hakupigwa mtu katika nyumba ile. Lakini ukificha, baba hakusemeshi. Mwalimu alipokuwa na miaka kumi alivunja kioo cha dirisha akasingizia upepo. Baba yake alikaa siku tisa bila kumsemesha. Siku ya kumi mtoto akasahihisha, na baba akamkumbatia kwa nguvu mpaka akakosa pumzi. Tangu siku ile, anasema Mwalimu, hakumwambia tena baba yake uongo. Si mkubwa, si mdogo. Samaki alikunjwa angali mbichi, wapendwa, na alikunjika kweli.

Dada yake alipita kwenye malezi yale yale akatokea upande mwingine. Yeye ni msusi. Anasema, "Kazi yangu ni kumwambia mtu amependeza, na akitoka pale anatembea kama aliyependeza. Sasa huo ni uongo, au ni ususi?"

Mama yao alikufa miaka sita iliyopita. Alikufa asubuhi, akianika nguo, na shuka lenye maji mkononi. Presha. Mzee Gramu alikuwa uani pale pale, alimwona akianguka. Alimzika mkewe akiwa na akili zake timamu. Alimlilia kwa kujificha, bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa, kisha akajikaza akaendelea kuishi. Nataka muelewe hilo. Msiba wake aliufanya, akaumaliza kama binadamu anavyomaliza msiba.

Ugonjwa ukaja polepole. Siku moja kinyozi aliyemnyoa kwa miaka ishirini alimrudisha nyumbani ndevu zimenyolewa upande mmoja. Mzee alisimama katikati ya kunyolewa, akauliza hapa ni kwa nani. Siku nyingine mawe ya shaba yakakutwa chini ya mto. Akapelekwa hospitali. Daktari akasema ni ugonjwa wa kusahau, ule unaoitwa dimensia. Akasema si uchawi, si ukaidi, na si uzee tu, maana wako wazee wa miaka tisini wanaokumbuka madeni ya mwaka wa kuzaliwa kwako. Ni ubongo unaougua. Haponi mtu, akasema daktari, lakini anaweza kuishi nao vizuri. Mwalimu anasema neno "haponi" alilisikia. Hayo ya kuishi vizuri yalimpita.

Akamchukua baba yake akae naye. Mwalimu alikuwa ndiyo kwanza amestaafu, watoto wake wako mbali, nyumba ina nafasi. Na alimtunza, tusimvunjie heshima. Alimwogesha, alimkata kucha, alimpa dawa kwa saa. Ukiingia nyumba ile hukuti harufu yoyote ila ya sabuni. Majirani wakasema, mwenye mtoto kama huyu kabarikiwa.

Sasa sikilizeni. Mama alipokuwa hai, tangu mzee astaafu, kila siku saa nne asubuhi alimletea chai pale anapokaa. Mwili haukusahau hilo. Wiki ya pili nyumbani kwa Mwalimu, saa nne, mzee akainua kichwa akauliza, "Mama yenu mbona haleti chai?"

Mwalimu akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono, akasema, "Baba, mama alifariki. Ana miaka mitano sasa."

Anasema uso wa baba yake uliporomoka. Alilia kwa sauti, yeye aliyekuwa akilia bafuni. Aliuliza kafa lini, kafa wapi, kwa nini hakuna aliyemwambia. Alidai apelekwe kaburini. Alikataa chakula mpaka jioni. Kisha akalala, akaamka, akasahau. Saa nne akainua kichwa: "Mama yenu mbona haleti chai?"

Mwalimu akamwambia tena. Akalia tena. Na siku ya tatu. Na ya nne.

Mtasema, huyu Mwalimu ana roho gani. Mimi pia nilimuuliza, tena si kwa upole. Akaniambia, "Mtu huyu hakuwahi kunidanganya. Alinilea nimwambie kweli. Leo kaishiwa nguvu za kunikamata, ndiyo nianze kumdanganya?" Wasikilizaji, msema kweli mpenzi wa Mungu, tumefundishwa hivyo tangu tukiwa wadogo. Hakuna aliyetufundisha kuna siku kweli inakuwa fimbo, na anayeipokea mgongoni ni mgonjwa.

Ikafika mahali mzee anabisha. Mkaguzi ni mkaguzi. Anasema, "Maneno matupu sitaki. Ushahidi uko wapi?" Basi Mwalimu, kwa akili zake za hesabu, akaenda kutoa nakala ya cheti cha kifo cha mama yake, akaitia plastiki ngumu isichakae kwa kushikwashikwa. Akaiweka kwenye rafu, karibu na redio. Saa nne ikifika, swali likija, anaichukua anampa. Mzee anaisogeza kwenye mwanga. Anautafuta muhuri. Anaukagua muhuri kwa kidole, pole pole, kama alivyokuwa akikagua mizani. Anaukuta ni halali. Ndipo anapolia.

Kila siku, wapendwa. Kila siku saa nne, kwa miezi kumi na moja.

Isipokuwa Jumatatu. Jumatatu saluni ilifungwa, na binti alimchukua baba yake. Saa nne Jumatatu mzee aliuliza vile vile, na binti akiwa anamwaga chai anajibu, "Mama kaenda kwa dada yake, baba."

"Bila kuniaga?"

"Ulikuwa umelala. Kasema usimsubiri kula."

"Haya. Mwavuli kachukua?"

"Kachukua."

"Ule mweusi umevunjika mpini."

"Kachukua mzuri, baba."

Basi. Mzee anakunywa chai yake. Kisha binti anambebea lile sanduku la mbao wanakwenda sokoni, na kule wauza vitunguu na wauza mchele, watoto wa wale aliowanyang'anya mizani zamani, wanasimama: "Shikamoo mzee. Nianzie mimi, nina haraka." Anatoa kibanio, anaweka jiwe, anasubiri, anasema, "Imekaa." Jumatatu alikula vizuri. Jumatatu alilala mchana bila kuhangaika. Binti anasema Jumatatu moja alimtania: "Wewe nywele zako mwenyewe mbona hujasuka? Au fundi ni ghali?"

Mwalimu alikuja kugundua. Alikuwa kapita sokoni kununua sabuni, akamwona baba yake kainama juu ya mizani, na muuza vitunguu akimkonyeza jirani yake. Pengine alimkonyeza kwa mapenzi. Mwalimu hakuona mapenzi. Alimshika baba yake mkono akaondoka naye, sanduku likabaki juu ya magunia.

Jioni ile ndugu wawili wakakutana, wasikilizaji, wakaambiana yale ambayo ndugu huambiana mara moja tu maishani.

"Mnamfanya baba kichekesho cha soko," akasema Mwalimu.

"Anacheka yeye, kaka. Anacheka mwenyewe. Kwako lini kacheka?"

"Anacheka kwa sababu umemdanganya."

"Na kwako analia kwa sababu umemwambia kweli. Sasa nani kati yetu anampenda?"

"Mimi simchezei akili. Akili zake zilizobaki nitaziheshimu."

"Kaka, hizo akili unazoziheshimu hazipo. Kilichopo ni baba."

Mwalimu akasema maneno ambayo aliniambia niyaseme kama yalivyo. Alisema, "Mdogo wangu, kama umeshindwa kuwa mkweli, usije kwangu." Na kwa kuwa yeye ni mkubwa, na baba anakaa kwake, na kwetu mkubwa akishasema amesema, Jumatatu zikaisha. Binti akawa anakuja mara moja moja, anasalimia, anakaa kidogo, anaondoka kabla ya saa nne. Alisema hawezi kusikiliza.

Muuguzi wa zahanati, mama mmoja anayepita kupima presha za wazee, alikuta ile plastiki kwenye rafu. Akaigeuza, akaisoma, akairudisha. Akasema, "Mwalimu, kila siku unamtonesha kidonda." Mwalimu akaanza kumweleza habari za ukweli na malezi, kama darasani. Muuguzi alikuwa na wazee wengine saba wa kuona siku hiyo. Akaaga.

Kisha asubuhi moja mzee hakuuliza.

Saa nne ikafika, ikapita. Mwalimu akakaa mkao wa kusubiri, mkono uko tayari kwenye rafu. Swali halikuja. Anasema moyo wake ulifurahi. Alijisemea, hatimaye kaelewa, kweli imemwingia. Akampigia dada yake simu kumtambia. Siku ya pili vile vile, hakuna swali. Siku ya tatu, saa nne, Mwalimu akatoka jikoni akamkuta baba yake kakaa pale pale kwenye kiti, machozi yanamshuka, kimya.

"Baba, kuna nini?"

"Kuna msiba."

"Msiba wa nani?"

"Nyinyi ndio mnajua. Mnanificha."

Mwalimu akamletea picha ya mama, ile ya ukutani. Mzee akaishika, akaitazama kwa adabu, akasema, "Mama huyu ana sura nzuri. Ndugu yako?"

Mmeelewa kilichotokea, wapendwa? Mke alikuwa amesahaulika. Jina limekwenda, sura imekwenda, chai imekwenda, miaka hamsini na zaidi ya ndoa imekwenda. Kilio kimebaki. Baadaye daktari alimweleza Mwalimu jambo linalojulikana kwa wanaotunza wagonjwa hawa: jambo lenyewe linafutika, lakini hisia iliyokuja nalo inaweza kubaki. Ukimfurahisha asubuhi, hatajua kwa nini mchana kachangamka. Na ukimliza, hatajua kwa nini analia. Mzee Gramu alikuwa amefiwa kila siku kwa miezi kumi na moja. Hakujua tena amefiwa na nani.

Mwalimu akampigia dada yake, safari hii si kwa kutamba. Akamwambia, "Njoo umwambie maneno yako." Binti akafunga saluni siku ya kazi, akaja. Akachuchumaa mbele ya baba yake. "Baba, mama kaenda kwa dada yake."

Mzee akamtazama. "Mama gani?"

Akajaribu tena, akataja jina. Akataja mwavuli. Haikusaidia kitu. Maneno yake yalihitaji mtu wa kusubiriwa, na mzee hakuwa tena na mtu wa kumsubiri. Binti akatoka nje akakaa kwenye ngazi, na kaka yake akamsikia akilia, akaogopa kumfuata.

Akabaki Mwalimu na baba yake. Na hapo, akiwa na miaka sitini, Mwalimu akamwambia baba yake uongo wa kwanza tangu ule wa kioo. Akamshika magoti, akasema, "Baba, hakuna aliyekufa. Wote wazima. Wote wako nyumbani."

Mzee Gramu akafuta macho kwa kiganja. Akamkagua usoni kwa muda mrefu. Hakumjua ni mwanawe, wiki nyingi zilikuwa zimepita tangu amjue. Akasema, taratibu kabisa, "Bwana, wewe una sura ya mtu mkweli. Mbona unanidanganya?"

Aliishi miezi mitatu baada ya hapo. Ilikuwa hivyo kila asubuhi. Mwalimu anasema alijaribu kila kitu: muziki, maua, watoto wa jirani. Alikwenda sokoni kulifuata lile sanduku, muuza vitunguu alikuwa amelitunza. Mzee aliyapapasa mawe ya shaba, akauliza ni ya mchezo gani. Alhamisi ile alilia kidogo kama kawaida, akasinzia kwenye kiti, hakuamka.

Wakati wa kuhani msiba yule muuguzi alikuja. Alikaa na Mwalimu barazani. Mwalimu akamwambia, "Ulikuwa sahihi. Ningemdanganya mapema." Muuguzi akashangaa. Akasema, "Mimi sikukwambia umdanganye. Nilitaka kukwambia umuulize. Mtu anasema, mama yenu yuko wapi, wewe unamwambia, baba, hebu nisimulie habari zake, mlikutana wapi. Atasimulia mpaka chai ipoe. Hapo uongo uko wapi?"

Mwalimu alipofika hapa, wapendwa, nikamuuliza, basi walikutana wapi, baba na mama? Nilitaka niwasimulieni leo, tumalize kwa jambo zuri.

Akasema, "Sijui. Kila siku alikuwa tayari kuniambia, na mimi nilikuwa na cheti mkononi."

Kwa niaba ya kituo hiki tunampa pole binti wa marehemu. Dada, Jumatatu zile hazikupotea. Hata kama yeye hakuzikumbuka, siku zile alilala vizuri. Tunampa pole Mwalimu, ambaye yuko nyumbani anasikiliza, ameniambia atasikiliza mpaka mwisho. Mwalimu, sitakwambia hukukosea, hukunituma niseme hivyo. Nakwambia pole. Mungu awape subira, na awapatanishe, maana mmebaki wawili tu.

Na wewe msikilizaji, ambaye nyumbani kwako yuko mzee anayeuliza aliko mtu ambaye hayupo. Anauliza kwa mara ya kumi leo, na umechoka, nakuelewa. Zima redio. Usinisikilize mimi tena. Vuta kiti, kaa karibu naye, umuulize huyo mtu alikuwa mtu wa namna gani. Muulize sasa hivi, akiwa bado anamjua.